Jaji na Draya ya Dirishani

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki nyumbani kwao. Saluni kila mtu alimwita Jaji, na cheo hicho hakukipata kwa bahati. Ukutani, mbele ya viti vya wateja, palikuwa na televisheni, na humo hazikukauka tamthilia za mapenzi, za Kikorea asubuhi, za Kichina mchana, zile nyepesi nyepesi ambazo mtu analia kidogo, anacheka sana, na hakuna anayekufa isipokuwa babu wa tajiri. Jaji alizitazama kwa jicho moja, la pili likiwa kwenye kichwa cha mteja, na hakuna kilichopita bila hukumu.

"Huyo akamatwe," alisema, kitana kikielekea kwenye televisheni. "Kamshika dada wa watu mkono, anamburuta mpaka nje ya hoteli, halafu wanapiga muziki kama vile ni jambo jema! Mkono ule una mwenyewe."

"Lakini Jaji, jamani, ana wivu."

"Wivu autie mfukoni. Koti lote lile, akose mfuko?"

Mabusu yaliwachosha waigizaji na yeye pia: busu moja linaonyeshwa kutoka kulia, kutoka kushoto, kisha kutoka juu, kama gari linalouzwa. Alichowasifu bila masharti ni kula kwao. Wakila, wanakula kweli, mashavu yanajaa, hakuna cha kujifanya mtoto wa mfalme. Mwanamume wa pili, yule mpole wa kuleta supu na mwavuli, alimhurumia lakini hakumsamehe. "Tangu mwanzo mpaka mwisho kabeba mwavuli, neno hasemi. Sasa msichana ajue vipi? Akauulize mwavuli?"

Ila kosa moja halikuwa na rufaa: kujikwaa.

"Mwanamke mzima, ana kazi yake, ana akili zake, anateleza kwenye sakafu kavu ili adakwe! Kama unamtaka mtu, mdomo unao. Huko kujiangusha ni utapeli."

Basi kulikuwa na fundi wa umeme wa mtaa uleule, aliyeitwa Fundi Pole kwa sababu kabla hajafungua mashine yoyote aliigonga kidogo kwa kidole na kuiambia, "Pole." Mara ya kwanza alikuja kwa sababu ya draya ya dirishani, mashine ya kofia ya kukaushia nywele, ambayo siku hiyo ilikuwa imekufa kweli. Alipiga magoti, akaifungua, na bila kuinua kichwa akasema, "Yule wa mwavuli si bubu. Anasubiri aulizwe."

Kitana cha Jaji kilisimama hewani. Tangu aanze kuhukumu, hakuna aliyewahi kumkatia rufaa kwa hoja yenye maana namna ile. Walibishana mpaka tamthilia ikaisha, na fundi alipoondoka, saluni ilionekana kubwa kuliko kawaida.

Wiki iliyofuata draya ya dirishani ikagoma tena. Na nyingine tena. Hapa ndipo penye siri, na ni siri ya kuchekea chini chini: draya ile haikuwa na ugonjwa wowote. Jaji mwenyewe, asubuhi kabla ya wateja, alichomoa plagi (maana mapenzi si sababu ya kupigwa na umeme), akalegeza skrubu nyuma ya kifuniko, waya ukachomoka mahali pake. Kisha alinawa mikono na kumpigia fundi kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na dunia.

Ingeendelea hivyo mpaka skrubu iishe meno, kama si Mwokaji. Huyu alikuwa mama mwenye duka la mikate la jirani, na mtaa mzima ulijua anatafuta fundi wa kudumu wa oveni zake. Jina lililokuwa mdomoni mwake ni la Fundi Pole. Siku moja aliingia saluni ghafla, akawekwa rola kichwani, na kiti kilichokuwa wazi kilikuwa kile cha dirishani. Draya ikabonyezwa. Kimya.

Fundi alikuwa ameshaitwa, akaingia na mkoba wake.

"Ni hii tena?" Mwokaji aliuliza. "Fundi, mashine moja, mwezi mzima unaitibu, na haiponi?"

Fundi Pole alikuwa ameshafungua kifuniko. Skrubu ilikuwa kwenye kiganja chake. Akaitazama, akamtazama Jaji mara moja tu, akainamisha macho. "Labda nimekosea, mama. Mikono ya binadamu."

"Nakuheshimu, lakini mkate haujui pole. Oveni ikizima alfajiri, watu watakula nini? Nitatafuta mwingine."

"Sawa, mama."

Sawa! Jaji aliona hiyo si sawa hata kidogo. Kazi ya kudumu, mlango wa pili tu kutoka hapa, na mtu anaiacha iende hivihivi ili asimwaibishe yeye.

Wakati huohuo Mwalimu, mteja aliyekuwa chini ya draya nzima ya ukutani, akapaza sauti kama kawaida ya walio chini ya draya: "JAJI, HUKUMU! KAJIKWAA TENA!"

Jaji alichukua rimoti akabonyeza. Picha ikaganda. Msichana akabaki ananing'inia, chini hajafika, kudakwa hajadakwa.

"Fundi hana kosa," Jaji alisema. "Skrubu naifungua mimi."

Mwalimu akainua kofia ya draya. "Umesemaje?"

Hakuna adhabu mbaya kama kurudia.

"NIMESEMA SKRUBU NAIFUNGUA MIMI! ILI AJE!"

Mpita njia aligeuka dirishani. Mwokaji alianza kucheka mpaka rola mbili zikaanguka. "Kumbe na wewe umejiangusha kwenye sakafu kavu!"

"Kinyozi hajinyoi," Mwalimu alisema, akijipangusa machozi kwa taulo.

Mwokaji akamgeukia fundi. "Na wewe ulijua?"

"Skrubu haijilegezi yenyewe, mama. Nilijua tangu mara ya pili."

"Ulijua, ukakaa kimya?" Jaji alimkodolea macho. "Mwavuli huo!"

"Nilikuwa nasubiri niulizwe."

Jaji alifuta mikono kwenye aproni, ingawa ilikuwa mikavu. "Draya ikiwa nzima, utakuja?"

"Nitakuja."

"Kesho asubuhi anakuja kwangu kwanza," Mwokaji alisema. "Oveni yangu ya kushoto inaumwa kweli, haijafunguliwa na mtu. Sasa nikausheni nywele, nina unga unanisubiri."

Fundi Pole alikaza ile skrubu mpaka mwisho, akaigonga draya kidogo kwa kidole. Ikaunguruma. Jaji alibonyeza rimoti, na msichana, baada ya kuning'inia muda wote ule, akaangukia mikononi mwa kijana wake.

"Haya, hukumu?" Mwalimu aliuliza.

Jaji alichukua kitana chake.

"Ameshaanguka, tumsamehe," alisema. "Lakini asiishie hapo. Aseme."