Kadi imeandikwa "Black Tie": yaliyonikuta harusini Usagara

Wakuu, salaam. Haya yamenikuta mie mwenyewe na ukumbi mzima ni shahidi. Majina nayataja, wa kununa anune.

Mpwa wangu Zuhura aliolewa. Baba yake alishafariki, kwa hiyo mie mjomba ndiyo nilitakiwa kumpandisha jukwaani na kumkabidhi kwa wakwe mbele za watu.

Heshima hiyo nimeisubiri tangu mtoto ananyonya.

Kadi ikaja: VAZI, BLACK TIE.

Mie la saba, Kiingereza cha kuungaunga. Nikaipeleka kwa fundi Chande, cherehani yake ipo Makorora. Mtuhumiwa wa kwanza huyo.

"Kaka, hii si tai nyeusi tu. Ni suti nyeusi, shati jeupe pe, na tai ya kipepeo. Hakuna vazi juu ya hilo."

Na wakuu, nimekuja kuhakiki baadaye, maana yake ni hiyohiyo. Chande hakudanganya. Ndicho kinachoniuma.

Nimeingia ukumbini nang'aa. Wakwe wametoka Tongoni, wanaume wote kanzu, koti na kofia. Upande wetu vilevile.

Wenye kipepeo shingoni tulikuwa mie na wahudumu.

Nikamvuta pembeni dada yangu Mwanahamisi, mama wa bibi harusi. Mtuhumiwa mkuu.

"Black tie umeandika wewe?"

"Niliiona kwenye kadi ya watu wa Dar, ikanipendeza. Halafu nikatangaza kwenye grupu watu waje na kanzu."

"Mie sipo kwenye grupu!"

"Si ulijitoa mwenyewe, umenuna kisa rangi ya mapambo?"

(Rangi yenyewe ilikuwa mbaya. Tuendelee.)

Kabla sijamjibu, bibi yake bwana harusi akanidaka mkono. "Wee kijana, pilipili iko wapi?"

Nina mvi, wakuu. Lakini ni mkwe, tena mzee. Utamjibuje? Nikamwamkia shikamoo, nikaenda kuleta. Meza ya pili wakataka maji. Ya tatu mama mmoja akanirudishia sinia la pilau, ati halina nyama.

Hapo ndipo MC akanguruma: "Mjomba wa bibi harusi, tunakuomba mbele!"

Nikanyoosha mkono. Wenye sinia.

Bibi akapaza sauti: "Muacheni huyo ana kazi! Mwiteni mjomba!"

Watu walicheka mpaka MC akakaa chini. Zuhura mwenyewe ndiye aliyekuja na shela lake, akanipokonya sinia, akanishika mkono. Nikamkabidhi kwa wakwe na mchuzi kiganjani.

Funzo: maana ya vazi ataijua fundi, lakini watakachovaa watu wanakijua watu. Ukipata kadi, waulize wakwe. Na usijitoe kwenye grupu.

Juzi nimekwenda Tongoni kumsalimia Zuhura. Safari hii kanzu, koti, kofia iliyodariziwa kwa mkono. Bibi kaniona toka uani, uso ukamchanuka: "Kijana wa pilipili huyo!"

Haya, nyie kwenu mkiandikiwa black tie mnavaaje? Chande, najua unasoma humu, changia.

Na kabla hamjauliza: ndiyo, pilipili nilimpelekea.