Kidole Changu Chenye Wino wa Uchaguzi

Ilianza jana Jumapili, saa tatu asubuhi, nilipomshika mkono bibi kwenda kituoni kupiga kura, hapa kwetu Kisondela. Bibi haoni vizuri, kwa hiyo alininong'oneza mgombea urais na mbunge anaowataka, nami nikamwekea alama za vema. Hapo sikukosea.

Kosa lilikuwa kwenye meza ya wino. Karani alisema, "Toa kidole." Bibi alikuwa amegeuka, anasalimiana na jirani kwa Kinyakyusa. Mimi kwa aibu zangu nikaona si vizuri kumngojesha karani, mtu mzima, nikatoa changu. Kikachovywa. Bibi akatoka na kidole safi.

Nyumbani mjomba akanishika mkono. "We Tumaini, miaka kumi na sita umepiga kura? Watu wanafungwa kwa hilo!"

Sijui kama alitania. Nilisugua kwa majivu, limau, hadi mafuta ya taa, wino ukabaki palepale. Kila lori la chai lililopita nilidhani ni polisi.

Leo asubuhi nikafunga kidole kitambaa, nikaenda shule. Mjinga mimi, nikasahau Jumatatu ni ukaguzi wa kucha. Mwalimu wa zamu akakifungua kitambaa mbele ya mstari mzima.

"Shikamoo mama mpiga kura!" mtu akapaza sauti nyuma, wote wakacheka.

"Kidole hiki kimefanya nini?" mwalimu akauliza.

Nikakinyoosha mbali nami, nikasema kwa nguvu, "Si changu, mwalimu. Ni cha bibi."