Amisi wa Clavier

Bado akili yangu inakataa. Leo asubuhi nimefungua salle yetu ya michezo ya video hapa Mangobo, na mdomo ukaita wenyewe, "Amisi, washa courant!" Halafu nikakumbuka kwamba juzi tulimzika. Nikakaa chini pale pale mlangoni.

Kwa wale hamkumjua: Amisi alikuwa rafiki yangu na mwenzangu wa kazi. Mimi nasimamia console, michezo ya kwenye televisheni inayochezwa na manette ya kushika mikononi, upande wa mabenchi na makelele. Yeye alisimamia computer kule kwenye kona, na clavier yake yenye vitufe vya herufi na souris yake ya kulengea. Mtaa mzima ulituita Béa Manette na Amisi wa Clavier.

Tulibishana kila siku ya Mungu. Kuna wateja walikuja kutusikiliza tu, hawakucheza hata kidogo!

Mimi nilisema manette imetengenezwa na mtu mwenye akili. Unaikamata tu, vidole vinajua njia. Maandishi makubwa, unasoma toka mbali, mnakaa bega kwa bega, mnachekana.

Yeye alijibu bila hata kugeuza kichwa: "Béa, manette yako iko kama mama mukwe. Amepanga kila kitu, weye unasema tu ndiyo. Na ukilenga, inakusaidia kwa siri. Souris yangu haisaidie mutu. Ukikosa, ni weye umekosa."

"Bon, na juu ya nini watu wako wanakaa kila mutu peke yake, kama wagonjwa wanangoja dawa?"

Alicheka mpaka akalaza kichwa kwenye meza. Wee, kile kicheko chake!

Amisi alizaliwa na anémie SS, ugonjwa wa damu unaouma mpaka ndani ya mifupa. Mtaa ulijua. Yeye hakusema. Ukimuuliza ameamkaje, jibu lilikuwa moja: "Niko."

Mikono ndiyo ilimtesa zaidi. Manette inataka uikaze kwa mikono miwili, na vidole gumba ndivyo vinafanya kazi kubwa. Yeye alihitaji mikono ilale juu ya meza. Ndiyo sababu alipenda clavier, na katika ubishi wetu wote hakuitaja hata mara moja. Angeitaja, ningenyamaza siku ile ile. Alitaka kunishinda kwa maneno.

Tena kwenye computer unaweza kuhamisha kila kitu. Kuruka, kupiga, kukimbia, unakiweka kwenye touche, kitufe kile unachotaka mwenyewe. Amisi alizipanga upya kila asubuhi, kufuatana na vidole vilivyokubali kufanya kazi siku hiyo.

Donc nikajifunza kusoma clavier yake. Kabla ya salamu napita nyuma ya kiti, natazama kwenye skrini amepanga vipi. Touches zimetawanyika vizuri? Amelala vizuri. Kila kitu kimekusanyika chini ya vidole viwili vya mkono wa kushoto? Amelia na maumivu mpaka asubuhi. Siku hiyo namletea maji mengi na mikate ya moto ya jirani, na sibishani.

Naye angeuliza, "Leo umenyamaza juu ya nini? Umekubali clavier imeshinda?"

"Siwezi kukubali, hata kidogo. Kunywa maji."

Kuna siku moja tu alikamata manette. Benchi ilipungukiwa mtu, watu wakapiga kelele, akaja akakaa karibu yangu. Nilimfunga vibaya sana. Na sheria ya salle yetu mnaijua: mwenye kufungwa anasimama, mwenye kushinda anabaki. Akasimama. Akaniambia polepole ili wengine wasisikie, "Kitu yako iko muzuri, Béa. Mutu anacheza huku anasikia bega ya mwenzake."

Kesho yake nikamkumbusha. Akakana mbele ya watu wote! Akasema nimeota.

Siku ya mwisho aliyokuja kazini, nilipita nyuma ya kiti chake kama kawaida. Kila touche ilikuwa imerudi mahali pake, kama computer inatoka kwenye karton leo. Jamani, nilifurahi. Nikajua mikono imepona. Nilipiga makofi, nikacheza dansi pale kati ya mabenchi.

Akanitazama sana. "Niko, Béa," akasema.

Kesho yake crise ya ugonjwa wake ilimkamata, wakampeleka hospitali, hakurudi tena.

Kwenye matanga mama yake akanishika mkono. Akaniambia, "Aliniambia amerudishia watu clavier yao. Mwingine akikaa pale, asihangaike na mpango wa vidole vyake yeye."

Alikuwa anaaga, mimi nikacheza.

Basi leo, nilipoinuka pale mlangoni, nimeenda kukaa kwenye kiti chake. Mimi, Béa Manette! Nimekusanya kila kitu chini ya vidole viwili vya kushoto, kama siku zako mbaya, Amisi, na nikajaribu. Nimekufa, nimeanza tena, nimekufa. Hata mlango wa kwanza wa mchezo sikuufikia. Na vidole vyangu ni vizima, haviumi popote.

Wewe kwa vidole hivyo viwili uliwafunga watu wenye mikono mizima, huku unanitania, huku unasema uko.

Nimerudisha kila touche mahali pake, kama ulivyotaka. Watu watakaa pale, watacheza, na nitawaambia kilikuwa kiti cha nani.

Ulikuwa unaningoja nikubali. Nimekubali, ndugu yangu. Clavier imeshinda, umenifunga, na sheria ni sheria.

Nimesimama, Amisi. Wewe lala salama, mikono yako ipumzike.