Kitabu Kilicholala Kwetu

Sanduku la vitabu lilipofunguliwa, harufu ya wino na gundi ilipambana na ile ya mabibo yaliyokuwa yakichachuka chini ya mikorosho nje ya darasa, na wino ukashinda. Ulikuwa msimu wa korosho pale Chilangala, nami nilikuwa darasa la tatu. Mwalimu wetu alikuwa ameazima vitabu vya picha kutoka Masasi. Tulitakiwa kubakiza vichache kwa ajili ya maktaba yetu, vingine virudi. Utaratibu wake ulikuwa mmoja tu: kitabu kikalale kwanza nyumbani kwa mtoto, kesho yake mtoto huyo aseme kama kinafaa.

Mimi nikaangukiwa na kitabu cha zimwi la kike. Darasa zima lilikuwa limekwisha kulicheka, na mimi nikiwemo, maana lilikuwa na meno ya njano na kiuno kama pipa. Lilikuwa pia na nembo, ile mistari inayochanjwa mashavuni na kwenye paji la uso, sawasawa na bibi yangu aliyenilea. Hilo nililiona vizuri nikiwa njiani, na furaha yote ikaniisha. Nilipofika nyumbani nikakisukumiza chini ya mkeka.

Bibi hakujua kusoma, ila kwa picha alikuwa na uroho kuliko mimi. Hakuchukua muda kukifichua. Alilitazama zimwi kwa makini, hata nikatamani anichape tu yaishe.

“Aliyemchora huyu hajui kazi,” alisema hatimaye. “Mistari imempinda. Mimi niliumia, lakini yangu ilinyooka.” Kisha akanigeukia. “Wenzako walicheka?”

“Walicheka, bibi.”

“Na wewe, mke mwenzangu?”

“Na mimi nilicheka.”

Akanisogezea ugali. “Basi kula, usije ukalala na njaa kwa ajili ya zimwi.” Nilikula huku nalia. Sidhani kama nimewahi kumpenda mtu kama nilivyompenda yeye jioni ile.

Asubuhi nilimwambia mwalimu kirudi. Wenzangu wakaguna, wakataka sababu. “Huyo ni bibi yangu,” nikasema. Mwalimu akakirudisha sandukuni, nami nikatembea kifua mbele wiki nzima.

Leo ni mimi ninayechagua vitabu vya maktaba ya watoto hapa Masasi. Vya siku hizi ni vizuri, sibishi: karatasi nzito, watoto wanaofanana na wetu, hata korosho inachorwa ikining’inia chini ya bibo lake, inavyopaswa. Lakini mabibi wote humo wana mashavu laini. Bibi yangu alikwisha kufa, na wa rika lake pia, na hatukuwahi kumpiga picha hata moja. Nimefungua vitabu vingi sana tangu wakati ule. Uso wake nimeuona katika kimoja tu, na ni mimi niliyesema kirudi.