Machozi Niliyomshonea Kwamboka

Nakumbuka asubuhi moja pale Keroka, mwanangu, wanawake watatu walikuja kupimwa nguo na hakuna hata mmoja aliyepiga soga. Wewe huwezi kujua ubaya wa jambo hilo, maana fundi wa siku hizi anapima mtu akiwa na simu sikioni. Zamani zetu mwanamke akishainua mikono nimzungushie futi kamba kifuani, ni kama umefungua mfereji. Atakueleza habari za mume, za mavyaa, za ng'ombe aliyekataa kukamuliwa. Asubuhi hiyo waliinua mikono kimya kama watu wanaopekuliwa na askari. Wa tatu alikuwa mama mmoja mnene, rafiki yangu kabisa. Nikamuuliza tu kama watoto hawajambo. Akasema, “Pima, fundi. Hayo ya watoto utayaandika bila kuambiwa.”

Wenzake wakacheka, na kicheko chenyewe hakikuwa cha kunifurahisha mimi.

Mama yako ameniambia kwamba duka lako la nguo huko Nairobi sasa lina chumba cha pili, na ukutani umetundika picha zilizochorwa na wasichana, na kwamba unatengeneza kitabu cha maisha ya wanawake, walivyoolewa, walivyoteswa, walivyojitoa. Nimejivuna mpaka watu wa kanisa wananikwepa Sabato wakiniona ninakuja na habari zako. Wacha wanikwepe. Nilikulea kwa mgongo huu, nina haki ya kujivuna. Lakini aliposema kwamba kitabu kinakwenda kuchapwa mwezi ujao, nilikaa kitako nikatafuta karatasi. Mimi ni mtu wa darasa la nne, utavumilia mwandiko. Kuna kosa nililolifanya nikiwa kijana kuliko ulivyo sasa, na sijawahi kulieleza nyumbani kwa sababu ya aibu.

Miaka ya sabini ilikuwa inaanza. Babu yako alikuwa na migomba yake na chai kidogo, mimi nilikuwa na cherehani ya kukanyaga kwenye baraza ya duka moja kando ya barabara ya Kericho. Nilikuwa hodari, sitaficha. Wasichana walitaka pindo lipande juu ya magoti, wazee wa kanisa walitaka lishuke hadi kwenye vifundo vya miguu, na mimi nilishona pindo pana la kukunjwa mara mbili kwa vifungo vya ndani. Msichana anatembea sokoni akiwa wa kisasa, akifika karibu na kanisa anafungua vifungo na kuwa mtakatifu. Walikuja kutoka mbali kama Nyamarambe kutafuta pindo hilo.

Rafiki yangu alikuwa Mwalimu Kemunto, alifundisha shule ya msingi hapo jirani na alikuwa na mkono wa kuchora. Ndiye aliyeniambia, “Wewe unasikia mambo mengi kwenye hii baraza kuliko padri, na yote yanapotea.” Basi tukaanzisha kijitabu. Tulikiita Sindano. Mbele Kemunto alichora gauni nililolibuni mimi, na namna ya kulikata. Katikati tuliweka maneno ya wanawake wenyewe. Alipiga taipu kwenye karatasi ya nta, na kwenye misheni moja walituruhusu kutumia mashine yao ya kuchapia, ile ya kuzungusha kwa mkono. Tuliandika kwa Kiswahili, maana Keroka tunapakana na Wakipsigis, na Wajaluo wa biashara walikuwa wengi, tukataka wote wasome. Mikono ilitoka myeusi kwa wino kama ya mtu aliyesugua sufuria. Wanaume waliuliza, “Wanawake wana nini cha kuandika?” Tukawaambia wanunue waone.

Toleo la kwanza lilikwenda vizuri. La pili ndilo lililoniua.

Kulikuwa na mama mmoja wa Nyansiongo, Mama Onsongo, mtu mzima wa umri wa mama yangu. Mume wake, Mzee Nyamweya, alikuwa amepata shamba kwenye ardhi iliyoachwa na wazungu, wakalima pareto na kufuga ng'ombe wa maziwa. Siku moja nikimpima bega, Mama Onsongo alinisimulia kwamba kabla ya uhuru alifanya kazi ya ndani kwenye nyumba ya mzungu huko huko Nyansiongo. Siku moja huko kazini alikuwa anapiga pasi gauni la mama wa nyumba, gauni la hariri. Nyumba ikawa tupu. Akalivaa. Akasimama mbele ya kioo kirefu, akajigeuza huku na huku, na mama wa nyumba akaingia. Akafukuzwa papo hapo.

Hadithi tamu, mwanangu. Nilipofika nyumbani nikaiandika yote. Sikumuuliza. Nilijiambia kwamba nikificha jina nimemheshimu, nikaandika “mama mmoja wa Nyansiongo”. Na mwishoni, kwa kuwa nilitaka watu wamwonee huruma, niliandika kwamba alipigwa kofi, akaenda njia nzima akilia, maskini, akijifuta machozi kwa leso. Kofi nilitunga mimi. Machozi nilimwongezea kama mtu anayeongeza lesi kwenye kola iliyokuwa nzuri bila lesi.

Sasa niambie, ni wanawake wangapi wa Nyansiongo waliowahi kufanya kazi ndani ya nyumba ile? Mmoja. Jina nililificha, mtu nikamwacha barabarani.

Kijitabu kikafika pale wanapopeleka maziwa. Kijana mmoja akakisoma kwa sauti, watu wamepanga foleni na makopo yao, na Mzee Nyamweya yuko katikati. Yeye miaka hiyo yote alijua kwamba mke wake alitolewa kazini kwa sababu mzungu alipunguza watu. Ndivyo mke alivyomwambia. Akarudi nyumbani na maziwa yake bila kuyatoa. Mama Onsongo akakatazwa kukanyaga Keroka, na habari ikakimbia: fundi yule ukimwinulia mikono, anakuanika kwenye karatasi. Ndiyo sababu ya kimya cha asubuhi ile. Kabla wiki haijaisha nilikuwa nimekaa na cherehani kama mtu anayelinda jiwe. Kemunto akalia, akasema tuache Sindano. Mimi nikajifanya nina hasira, nikasema watu wa huku hawajasoma, hawajui kazi ya gazeti. Mimi wa darasa la nne nikasema hivyo! Babu yako alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua hata kichwa. Akasema, “Umeshakwenda kwake?”

Basi. Kesho yake nikachukua sukari na majani ya chai, maana huendi kuomba msamaha mikono mitupu, nikaenda Nyansiongo.

Nilimkuta shambani anachuma pareto, kikapu kimefungwa kiunoni. Aliniona kutoka mbali, akaendelea kuchuma. Nikamsalimu. Akaitika, kwa sababu salamu hainyimwi mtu, kisha akanyoosha kidole kwenye kikapu cha pili. Nikajifunga nikaanza mstari wangu. Unajua maua ya pareto? Madogo, meupe, unayakata kichwa kimoja kimoja, na jua linakupiga shingoni. Tulimaliza mistari miwili bila neno. Nilikuwa nimepanga hotuba tangu Keroka, na kila ua nililochuma liliondoka na kipande cha hotuba, mpaka nikabaki na neno moja.

“Nisamehe, Mama,” nikamwambia.

“Unacho hicho kijitabu?” akauliza.

“Ninacho.”

“Nisomee.”

Nikashangaa. Akaweka mikono kiunoni. “Omoiseke, wewe msichana, unashangaa nini? Mimi sikusoma. Nyansiongo nzima wamenisikia. Wapeleka maziwa wamenisikia. Mume wangu amenisikia. Mimi peke yangu ndiye sijajisikia. Nisomee, tena usiruke.”

Tukaenda mpaka uani. Mzee Nyamweya alikuwa amekaa kwenye kigoda anasokota kamba ya ng'ombe, na hakuitikia salamu yangu. Nikasoma hapo hapo. Mwanangu, omba Mungu usije ukasoma maneno yako mabovu mbele ya mwenye nayo. Niliona kila uongo kabla sijaufikia, kama shimo unaloliona na baiskeli haina breki.

Nilipofika kwenye kofi akasema, “Nani alinipiga?”

Nikainamia karatasi.

“Nakuuliza, fundi. Nani alinipiga?”

“Hakuna, Mama.”

“Ahaa. Endelea.”

Nikafika kwenye machozi na leso. Akakichukua kijitabu mkononi mwangu, akakitazama kama mtu anayetazama kuku mgonjwa. “Sikiliza,” akasema. “Mimi sikulia. Yule mama alipoingia alisimama mlangoni akaniangalia, na mimi nikamwangalia kwenye kioo, na tukajua wote wawili kwamba lile gauni linanikaa mimi kuliko yeye. Ndiyo maana alinifukuza! Nilicheka. Nilicheka kutoka geti lao mpaka mtoni, nikaketi chini kwa sababu mbavu ziliniuma. Na wewe nilikuambia hivyo, ukicheka nami, pini mdomoni. Sasa umenifanya nini? Umenitembeza barabarani nikilia kama mtoto aliyepoteza mbuzi. Kusemwa nimezoea. Kuhurumiwa na watu wa maziwa, hapana.”

Mzee Nyamweya alikuwa ameacha kamba. Tukamwangalia, maana kwa kweli yeye ndiye aliyekuwa na uamuzi. Akisema nisikanyage tena uani pale, habari ingekuwa imekwisha, na baraza yangu nayo ingekuwa imekwisha. Alikohoa. Akamuuliza mke wake, bila kuniangalia mimi, “Kwa nini uliniambia mzungu alipunguza watu?”

“Kwa sababu ungesema nilikuwa mjinga, Baba Onsongo.”

“Ningesema hivyo,” akakubali. Akafikiri. “Kwa hiyo hakukupiga.”

“Hakunigusa.”

“Tangu wiki iliyopita sijalala. Nilikuwa nafikiri ulipigwa, ukalia njia nzima, ukafika nyumbani ukanipikia, na mimi nikala bila kujua.”

Hapo ndipo nilipojua nilichokuwa nimefanya. Nilidhani mzee ana hasira ya kudanganywa, kumbe alikuwa amebeba kofi langu. Kofi lililotoka kwenye kichwa changu kwa sababu lilionekana zuri kwenye karatasi.

Mama Onsongo naye hakujua kilichomnyima mzee usingizi. Alimtazama mume wake muda mrefu, kisha akaondoka kwenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Mzee akachukua kamba yake. Baada ya kitambo akauliza kwa sauti ya kupeleka jikoni, “Rangi gani hilo gauni?”

“Kijani!” ikatoka sauti ndani. “Na kifuani lilinibana!”

Mzee akacheka mpaka mabega yakamtikisika, nami nikapewa chai.

Kabla sijaondoka Mama Onsongo alinipa masharti. Hadithi ichapwe tena, hii yake, yenye kicheko. Isomwe kwake kwanza. Na isiandikwe “mama mmoja”. Nikamuuliza niandike Mama Onsongo? Akasema, “Onsongo hakuwepo kwenye kioo. Andika Kwamboka.” Mwanangu, nilikuwa nimemjua miaka mitatu na sikuwahi kumuuliza jina alilozaliwa nalo. Kwetu mwanamke akishazaa jina lake linaingia kabatini, na hakuna anayelitafuta.

Tukachapa. Kemunto alichora kioo kirefu na mwanamke ameshika kiuno. Siku ya soko Kwamboka mwenyewe alikuja Keroka na mume wake, akakaa kwenye baraza yangu tangu asubuhi, na kila aliyejua kusoma alisimamishwa amsomee. Wale wasiojua aliwasimulia kwa mdomo. Wanawake walirudi mmoja mmoja, na wa kwanza kurudi alikuwa yule rafiki yangu mnene. Alisema hivi: “Nina jambo la kukuambia, lakini utanisomea kwanza.” Nikasema, “Nitakusomea.” Ikawa ndiyo sheria yetu. Kuna hadithi nzuri kuliko zote nilizowahi kusikia ambayo haikuchapwa, kwa sababu mwenyewe alipoisikia alisema hapana. Sitakuambia hata wewe.

Sasa hili ndilo ninalokuambia, na usiseme bibi ni wa zamani. Kabla kitabu chako hakijaenda kwenye mashine, rudi kwa kila mwanamke aliyekupa maneno yake. Usitume mtu, nenda wewe. Kaa chini, msomee mpaka mwisho, na usiruke pale unapoona haya, maana hapo ndipo penye kosa. Akisema toa, toa. Akisema hakulia, futa machozi, hata kama machozi ndiyo yaliyokupendeza. Muulize aandikwe kwa jina gani, na usimchagulie. Nyinyi mliosoma mnatutetea sisi wanawake, na tunashukuru, lakini wakati mwingine mnatutetea kwa kutufanya maskini kuliko tulivyo. Tuliteswa, ndiyo. Pia tulikuwa wazuri kwenye vioo vya watu.

Ikibidi kitabu kichelewe, kichelewe. Nitawaambia watu wa kanisa kuwa bado, na watashukuru kupumzika.

Mungu aliyekupa macho ya kuona rangi na mkono wa kukata akupe na masikio yanayolingana nayo. Duka lako lijae, kalamu yako isikauke, na mume ukimpata awe wa kuuliza maswali ya maana. Uzeeke ukiwa na kazi mikononi, na kila mwanamke uliyemwandika akikuona njiani asigeuze uso, akusimamishe, akushike mkono, akuite mwanangu kama ninavyokuita mimi.