Nilipanda Kabla ya Mama Mkwe

Ndiyo, nilipanda mahindi kabla ya mama mkwe. Mimi ni Mkuria niliyeolewa kwa Wajaluo, na nilijua vizuri kwamba huku mama mwenye boma ndiye hutangulia kutia mbegu ardhini. Lakini mvua ilikuwa imenyesha, naye bado anasitasita. Sikungoja.

Msimu huohuo mume wangu, mchimba dhahabu katika machimbo ya Osiri, akaanza kukohoa. Alikohoa na kukonda mpaka suruali ikawa haimkai kiunoni. Mama mkwe alishapata jibu.

"Hii ni chira. Umevunja mwiko, sasa mtoto yangu anaisha. Atakunywa manyasi."

Manyasi ni dawa yao ya miti shamba ya kuondoa chira, ile laana ya kuvunja mwiko. Nilimjibu kwa heshima, lakini nilimjibu.

"Mama, mwenye makosa ni mimi. Leta hiyo manyasi nikunywe mimi. Yeye anaenda dispensari."

Mume naye akaja juu. "Dispensari ni ya watoto na akina mama! Unataka nichanjwe surua?"

Nilichukia maneno hayo, na bado nayachukia. Zahanati iko karibu hivi, tunasikia watoto wakilia sindano, lakini wanaume wetu huipita wakiwa na nguvu zao, kisha hubebwa hadi hospitali kubwa ya Homa Bay wakiwa mifupa mitupu. Wangu hangebebwa. Nilimkalisha kwenye benchi katikati ya wajawazito, nami nikakaa upande wa mlango asije akatoroka.

Nesi alimpa kikopo atemee makohozi. Yakapimwa: kifua kikuu. Dawa alipewa bure, na tukaambiwa wote wa boma lile twende tukapimwe. Niliogopa sana, sitaficha. Kila asubuhi nilisimama mbele yake mpaka ameze. Kufikia palizi ya msimu uliofuata alikuwa ameshika jembe tena.

Mama mkwe peke yake ndiye aliyekataa kupimwa. Chira, alisema, haipimwi kwa kikopo. Lakini nilikuwa nikimsikia jikoni kwake, akikohoa na kuziba mdomo kwa leso. Nikaenda nikasimama mlangoni.

"Na wewe, Mama, ulipanda kabla ya nani?"

Alinitazama kwa hasira. Kisha akavaa viatu vyake vya kanisani, akatangulia njia ya zahanati.

Mwaka huu mvua imewahi tena. Mimi nimeshapanda.