Mama Bati na Paa Lililokataa Nyasi

Asubuhi ya mwisho waliyokuwa pamoja, Mama Bati alikuwa anamsema mumewe kwa sababu ya shuka. Mgeni aliyelala kwao alikuwa ametoka mapema kwenda kutazama bonde, na mumewe, kwa kutaka sifa, akafua shuka la mgeni na kulianika uani, upande ule ule unakoelekea moshi wa jikoni.

"Hapo umeanika shuka au umebanika samaki?" mkewe akamuuliza.

"Si litakauka?"

"Litakauka. Na mgeni atalala anaota nyumba inaungua."

Mama Bati akalianua, akalisuuza tena, akalianika upande wa jua. Akanywa chai yake amesimama, kama kawaida, maana kukaa aliwaachia wenye mishahara. Kisha akasema bega linamsumbua, anakwenda kujinyoosha kidogo. Akajinyoosha. Hakuamka.

Daktari alitaja jina la ugonjwa, jina refu, la kisomi. Mumewe hakulishika. Mtu akishaenda, jina la kilichomchukua la nini.

Mazishini, mwenyekiti wa kikundi cha kupokea wageni alisimama, akasafisha koo, akasema marehemu alikuwa mtu mwepesi wa kukubaliana na wenzake. Waombolezaji wakainamisha vichwa. Wengine kwa huzuni. Wengi kwa kuficha kicheko. Fundi cherehani, jirani yake na shoga yake wa tangu ujana, alijiziba mdomo kwa mtandio mpaka mabega yakatikisika, na watu wa mbali wakamwonea huruma anavyolia.

Mwepesi wa kukubaliana. Haya. Maiti hajibu, ndiyo maana husifiwa kwa utulivu. Lakini mwenyekiti alijua, na kijiji kilijua, na mume ndiye aliyejua zaidi, maana yeye ndiye aliyekuwa analala chini ya lile paa.

Kijiji chao kimekaa mgongoni mwa mlima. Chini kuna bonde, na bondeni kuna mto unaoanguka na kuanguka tena kabla haujatulia. Wenyeji hawakujua kwamba ule ni uzuri. Walijua kwamba ni mbali, hasa ukiwa na ndoo kichwani. Wageni ndio waliokuja kuwaambia. Walipanda, wakapiga picha, wakanywa maji waliyokuja nayo, wakakanyaga kila mahali isipokuwa njiani, wakashuka kwenda kulala kwenye hoteli ya ng'ambo. Mwenye hoteli akanenepa. Kijiji kikabaki na chupa tupu na makorongo.

Marehemu ndiye aliyeamka siku moja akaanza kupita nyumba kwa nyumba. "Chupa tunazo za kutosha," aliwaambia wanawake wenzake. "Sasa na wao walale hapa."

Shauri lake halikuwa na mapambo. Kila nyumba inayotaka isafishe chumba kimoja. Wageni wapokelewe kwa zamu, nyumba baada ya nyumba, asirukwe mtu. Sehemu ya malipo itengeneze njia, ili mlima usiendelee kuporomoka. Na siku ya njia watoke wote na majembe, mwenye chumba na asiye nacho. Mama mmoja aliogopa wageni wataliona godoro lake. Fundi cherehani aliuliza mgeni akikoroma atashtakiwa kwa nani. Ilichukua muda, lakini walikubali. Wanaume walikubali mwisho kabisa, kisha wakachagua mwenyekiti mwanamume, kwa kuwa kazi ilikuwa imeshakwisha.

Wa kwanza kwenye zamu alikuwa mama wa kisimani, kwa sababu nyumba yake ndiyo ya kwanza ukipanda. Mwenye shauri mwenyewe alifuata baada ya fundi cherehani. Ikaenda vizuri. Njia ikanyooka, migomba ya pembezoni ikaacha kukanyagwa, watu wakaanza kusalimiana hata wale waliogombania mipaka.

Kitu kikienda vizuri, lazima aje mtaalamu.

Huyu alikuja kutoka mjini na viatu vya kupandia mlima ambavyo havijawahi kuuona mlima, na mashine ya kurusha picha ukutani. Akawakusanya watu kwenye darasa la shule. Akasema wageni wamechoka na saruji, wanatafuta uhalisia. Akaonyesha picha ya kijiji chao kutoka ng'ambo ya bonde: mapaa ya bati yanametameta. "Mnaona? Yanaumiza macho." Kisha akaonyesha picha ile ile, mabati yamechorwa nyasi juu. Watu wakapiga makofi. Walikuwa wanapigia makofi umaskini waliouhama kwa jasho, lakini ulikuwa umechorwa vizuri.

"Hakuna anayeezuliwa," mwenyekiti akafafanua. "Tunayavisha tu." Ndipo kijiji kilipotambua kwamba mabati yake yalikuwa uchi muda wote huo.

Yule mwenye shauri la zamu akasimama. Mumewe, aliyekaa karibu na mlango, akatazama kucha zake.

"Mimi nimezaliwa chini ya nyasi," akasema, "nikaolewa chini ya nyasi, na mwanangu wa kwanza nilimzaa huyu bwana amenishikia sufuria kwa juu, maana paa lilikuwa linavuja. Huo uhalisia mnaoutafuta mimi nimeshaumaliza. Uliobaki gawaneni."

"Mama yangu, ni suala la mwonekano tu," mtaalamu akasema kwa upole wa watu waliolipwa kuwa wapole.

"Kwako wewe umeezeka nini?"

"Kwangu? Ni... vigae."

"Vivishe nyasi basi, tuje tukupige picha."

Darasa zima likacheka. Kisha wakapiga kura, na wale wale waliocheka wakanyoosha mikono kumpinga. Mikutano ndivyo ilivyo: anayechekesha hapewi kura. Wakapitisha kwamba nyumba isiyovaa nyasi haipati mgeni. Kwa hiyo aliyesema asirukwe mtu akawa mtu wa kwanza kurukwa. Na siku hiyo ndipo alipopewa jina la Mama Bati. Alipewa kwa dhihaka. Akalipokea kama amepewa kiwanja.

Mtu wa nje angeuliza, bati ni kitu gani mpaka mtu agombane na kijiji. Lile paa alilinunua bati moja moja kwa mboga za kuuza kando ya barabara kuu, na kila bati alipanda nalo mlima kichwani. Siku za upepo alikuwa anafika amekumbatiana nalo, nywele zimesimama, kama watu wawili waliotoka kupigana wakapatana njiani. Mumewe ndiye aliyepigilia misumari. Mvua ya kwanza ilipogonga, alimwambia mumewe azime redio. Wakakaa. Hakuna kilichodondoka. Alisikiliza mpaka mvua ikaisha, halafu akasema, "Haya, washa," kama mtu aliyekuwa anasikiliza taarifa ya habari.

Mwenyekiti hakukata tamaa. Alimfuata mumewe uani. "Bwana, wewe ndiye kichwa cha nyumba. Zungumza naye."

Mumewe akasema atazungumza. Akaingia ndani. Mkewe akamtazama.

"Umetumwa?"

"Nimekuja kuuliza kama chai ipo."

"Ipo."

Akatoka, akamwambia mwenyekiti kwamba mazungumzo yamekwenda vizuri.

Nyasi zikapandishwa kwenye mapaa ya wenzake wote. Kijiji kikapendeza kama kilivyokuwa zamani kilipokuwa hakipendezi. Wageni wakaja, wakapita mbele ya mlango wake kwenda kwingine. Siku ya njia alitoka na jembe lake kama kawaida, akalima mfereji wa njia inayowaleta wageni wasiokuwa wake. Nyumbani alifagia kile chumba kila siku. Mumewe alimkuta anatandika kitanda ambacho hakijalaliwa, anakung'uta mto ambao hauna kichwa. Mkewe alikuwa ametamka kwamba msimu huu ukiisha bila zamu yake kurudi, chumba kitakuwa stoo ya mahindi na yeye hatakanyaga tena kwenye kikundi alichokizaa mwenyewe. Na hakuwa mtu wa kutamka kwa mazoezi.

Ikanyesha.

Sasa, watu wa mgongoni mwa mlima hawanywi mto. Mto uko chini na wao wako juu, na kisima kilishakauka, kimebaki jina tu. Maji yao yanatoka mbinguni, yanateremka kwenye bati, yanaingia kwenye mfereji wa paa, yanaishia tangini. Mtoto wa kunyonya analijua hilo. Lakini kijiji kizima kilikaa darasani, kikajadili macho ya wageni yanavyoumia, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka anakunywa kutoka wapi. Mtaalamu hakukumbuka. Mwenyekiti hakukumbuka. Na tuseme kweli, hata Mama Bati hakukumbuka.

Nyasi zikaloa, zikavimba, zikaoza. Maji yakaingia matangini na rangi ya chai ya rangi, na harufu ya beberu aliyenyeshewa. Mgeni wa mwenyekiti aliingia bafuni na taulo jeupe. Alitoka na taulo la uhalisia. Mwenyekiti akamwambia ni majani, dawa ya asili ya ngozi. Mgeni akauliza kama kuna dawa ya kuitoa hiyo dawa.

Wa kwanza kuja na ndoo kwenye tangi safi la Mama Bati alikuwa fundi cherehani. Alisimama mbali na tangi, anaangalia chini.

"Shoga, naomba ndoo moja."

"Ya nini? Wewe si una chai tangini kwako, bado sukari tu."

"Nipe bwana, nina mgeni."

"Weka hapo. Na usimwage."

Wakaja wengine. Akaja mke wa mwenyekiti. Mwisho akaja mwenyekiti mwenyewe, ndoo mkono huu na mkono huu.

"Karibu, mwenyekiti," Mama Bati akamwambia. "Funika macho kidogo, hapa yanaumia."

Mwenyekiti akachota bila kuinua kichwa.

Alitoa maji. Hakuna aliyerudi na ndoo tupu, na hakuna aliyerudi bila maneno. Tangi liliposhuka hadi nusu, mumewe alimwuliza taratibu, "Hivi ulijua?"

"Nijue nini?"

"Habari ya maji."

"Mimi? Sikujua lolote. Mimi nilikuwa nalipenda bati langu tu." Akafunga bomba. "Ila usimwambie mtu. Wameshaanza kunisifia."

Mtaalamu akaitwa. Alikuja, akanusa, akasema kwamba siku hizi imeonekana bati ndilo uhalisia wenyewe. Alisema bila kupepesa. Elimu ni kitu kikubwa. Nyasi zikateremshwa, na kwa kuwa hakuna aliyezitaka uani, watu wakazitandaza kwenye miteremko ya njia. Huko zikashika udongo vizuri ajabu. Ilikuwa kazi yao ya kwanza ya maana tangu zikatwe.

Msimu ulikuwa bado haujaisha kamati ya kikundi ilipofika uani kwa Mama Bati, wote, wamechomekea mashati. Yeye alikuwa anafua. Mwenyekiti akatoa hotuba. Alisema changamoto, akasema mshikamano, akasema palitokea kutoelewana, kana kwamba kutoelewana kulipanda mlima kwenyewe. Hakusema "tulikosea", neno hilo lilikuwa limemkwama mahali. Kisha akatangaza kwamba kamati, kwa heshima, imeamua kumfanya mlezi wa kikundi, na kwamba kuanzia sasa kila wageni wakija, wa kwanza atakuwa wake.

Mama wa kisimani alikuwa amesimama nyuma ya wenzake. Yeye ndiye aliyekuwa anatolewa kwenye nafasi ya kwanza, na hakuna aliyekuwa amemwuliza. Alikuwa anatazama miguu yake.

Watu wakasubiri. Wengine walisubiri machozi. Waliomjua walisubiri matusi. Mumewe, mlangoni, hakujua asubiri nini, na alikuwa ameishi naye miaka yote hiyo. Mama Bati alikamua nguo aliyokuwa nayo, akaiweka juu ya jiwe, akajifuta mikono. Akamtazama mama wa kisimani, kisha mwenyekiti. Akasema hivi, na mumewe ameyashika maneno kama yalivyotoka:

"Ulezi siutaki, nimeshalea wangu wakaisha. Na nafasi ya kwanza si yangu, ina mwenyewe, yule pale mmemsimamisha nyuma. Mimi ni wa baada ya fundi cherehani. Nirudisheni pale pale mliponitoa. Mkinipandisha hata nafasi moja, nitajua mmeniogopa, hamjanirudisha."